Yah: Kihisi cha mlango kilichokufa kimya, na fundi wenu aliyemdhalilisha mama yangu

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa naishikilia kwa shida. Masharti yenu ya dhamana mnayajua, na simu zangu nne kuhusu vihisi vya ulinzi mlivyonifungia nyumbani mnazo kwenye kumbukumbu zenu. Siyarudii hayo.

Nilikuwa safarini. Mlango wa nyuma ulikaa wazi mpaka alfajiri, mama akiwa amelala peke yake. Niliangalia programu yenu kwenye simu saa nne usiku, nikaangalia tena saa nane: alama ya kijani, "Umefungwa". King'ora kimya. Asubuhi mama alikuta upepo umesukuma majani makavu hadi jikoni.

Fundi wenu alikuja siku ya tatu, nilipokwisha kurudi. Alifungua kihisi kwa ukucha, akatoa betri ndogo ya duara ya CR2032, akaipima: volti 2 na ushei, wakati mpya huwa na 3. Akaitia mfukoni. Kisha akamgeukia mama yangu, mwanamke wa miaka 71: "Bibi, sema ukweli tu, ulisahau kufunga mlango." Mbele ya wajukuu wake!

Hata kama alisahau, kihisi kilifungwa pale kwa kazi gani? Mlango ukifunguka, sumaku ikiachana na swichi ya kihisi, taarifa itumwe. Betri kuisha naelewa, kila betri huisha. Ila kihisi cha namna hii hutakiwa kutuma ishara ya uhai, yaani ya kuonyesha kwamba bado kinafanya kazi, kila baada ya muda, na kifaa kikuu kinachopokea taarifa za vihisi kisipoisikia kiseme "hakipatikani". Kifaa kikuu chenu kiliendelea kuonyesha hali ya mwisho kiliyoipokea. Nimeangalia orodha ya matukio: kihisi kile kilikuwa hakijatuma chochote kwa siku 19. Siku 19 mlinitangazia usalama ambao hakuna aliyeuhakiki! Na siku ya kukifunga kihisi nilimwambia fundi wa kwanza kwamba fremu ya mlango ule ni ya chuma na chuma hudhoofisha mawimbi ya redio ambayo kihisi hutumia kutuma taarifa. Akanijibu, "Niachie mimi."

Narudi kwa mama, kwa sababu mhudumu wenu wa simu aliniambia fundi "alikuwa anatania". Mama alikuwa amesimama na glasi ya maji mkononi, maji aliyomletea huyo huyo fundi. Aliposikia "sema ukweli", aliiweka glasi mezani taratibu, akaingia chumbani bila neno. Mjukuu wake mdogo akaniuliza kama bibi amedanganya. Tangu siku hiyo mama huamka usiku mara mbili tatu kwenda kushika komeo. Huo ndio utani wenu?

Mwanzoni niliomba kihisi kimoja kibadilishwe. Mlipokaa kimya, nikataka vyote 9 vibadilishwe. Sasa sivitaki tena. Njooni mving'oe kwa gharama zenu, mnirudishie fedha yote pamoja na ada ya ufungaji, na fundi yule aje amwombe mama yangu radhi pale pale mlangoni, wajukuu wakisikia. Barua ya radhi haitoshi.

Nawapa siku 14. Zikipita, jalada hili nalipeleka kwa wakili na kwa mamlaka ya kuwalinda walaji, pamoja na sauti ya fundi wenu, kwa kuwa mwanangu aliirekodi. Na betri ile aliyoitia mfukoni irudishwe. Ni ushahidi wangu.

Wenu,
Mteja wa miaka minne