Barua ya wazi kwa Meya: usitie saini kabla ya kutusikia

Mheshimiwa Meya,

Tumesikia polisi wa mji wetu wanataka kuomba gari la deraya kutoka Wizara ya Ulinzi ya Marekani, aina ile iliyoundwa kuhimili mabomu ya kutegwa barabarani huko Iraq na Afghanistan. Naandika kwa Kiswahili ili majirani zangu tuliotoka nao Kongo wasome ninachokuomba. Nakala ya Kiingereza nimeiacha ofisini kwako.

Gari hilo hutolewa kwa Mpango wa 1033, ambao Wizara hiyo hutumia kuwapa polisi vifaa vya jeshi vilivyozidi. Mpango huu hautoi silaha peke yake. Unatoa pia mablanketi, jenereta na malori marefu yanayofaa kuokoa watu wakati wa mafuriko. Hayo omba, Mheshimiwa. Nitakuja mwenyewe kusaidia kuyashusha.

Kinachonikosesha usingizi ni sharti la mwaka mmoja: kifaa kikishapokelewa, lazima kianze kutumika kabla mwaka haujaisha. Hapa kwetu hakuna aliyetega bomu barabarani. Basi gari hilo litapewa kazi gani? Naogopa litatafutiwa kazi, na kazi itapatikana kwenye milango ya watu alfajiri, wakisakwa wauza dawa za kulevya huku watoto wamelala. Gharama za kulisafirisha na kulitengeneza tutazibeba sisi, na bado litabaki mali ya Wizara.

Mwezi Agosti 2014, kijana mweusi Michael Brown alipouawa na polisi kule Ferguson, Missouri, waandamanaji walikuta magari ya deraya, na juu yake askari polisi wamewaelekezea bunduki. Rais Obama aliweka mipaka ya vifaa vya jeshi wanavyopewa polisi mwaka 2015. Rais Trump akaifuta mwaka 2017. Ndiyo maana siisubiri Washington, nakuandikia wewe. Mwezi huohuo wa Ferguson, madiwani wa Davis, California, waliamuru gari kama hilo liondolewe mjini mwao, ingawa polisi walikuwa wameshalipokea.

Kule Uvira nilikozaliwa, tukisikia mngurumo wa gari la namna hiyo tulilala chini, mama akitufunika kwa mwili wake. Wiki iliyopita jirani yangu, mjane, aliniuliza: "Mwizi akiingia nikapiga simu polisi, ndilo watakaloniletea?" Sikuwa na la kumjibu.

Itisha kikao cha wazi kabla ya kutia saini. Kiwe Jumamosi mchana, maana wengi wetu tuko kazini usiku, na awepo mkalimani wa Kiswahili. Mkuu wa polisi aje atueleze gari hilo ni la kazi gani.

Wako,
Mkazi wa mji huu, mzaliwa wa Uvira