Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyumba ya Mchungaji wa Iona

Ndugu wanachama,

Mwanzoni mwa mwaka kamati yenu ilikubaliana kwamba kazi yetu juu ya majengo ya kale ya Uskoti iyaache kwa muda makasri na makanisa makuu, ambayo yameandikwa vya kutosha, na kugeukia nyumba za wachungaji wa parokia. Tulichagua ile ya kisiwa cha Iona, iliyojengwa mwaka 1828 pamoja na kanisa la parokia. Leo nyumba hiyo haikaliwi tena na mchungaji. Ni kituo cha urithi wa kisiwa.

Tangu sheria ya mwaka 1663, mzigo wa kumjengea mchungaji nyumba uliwaangukia wamiliki wa ardhi wa parokia, ambao hawakulazimika kutumia zaidi ya pauni 1,000 za Uskoti. Katika Nyanda za Juu na visiwani utaratibu huo haukutosha, kwa kuwa parokia moja iliweza kutanda juu ya mabonde na ghuba kadhaa, na waumini wengi walikaa mbali mno na kanisa. Ndiyo sababu Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mwaka 1823 na kutenga pauni 50,000, kwa sharti kwamba kanisa na nyumba ya mchungaji kwa pamoja visizidi pauni 1,500 mahali popote. Usimamizi alikabidhiwa mhandisi Thomas Telford, aliyeanza kazi akiwa mwashi wa mawe, na hadi mwaka 1830 yalikuwa yamesimama makanisa 32 na nyumba zaidi ya 40.

Ningependa wanachama watafakari maana ya kiasi hicho cha fedha, maana ndicho kilichozipa nyumba hizi sura yake. Mkaguzi William Thomson alichora ramani iliyofuatwa kila mahali, na wachungaji wakapewa nyumba za aina mbili tu, moja isiyo na ghorofa na nyingine yenye ghorofa. Hakuna nguzo wala nakshi. Mlango uko katikati, madirisha yamepangwa kwa ulinganifu pande zote mbili, na paa limeezekwa kwa vigae vya mwamba. Wapo wanaoyaita majengo haya maskini. Kamati haikubaliani nao, kwa sababu uzuri wake umo katika vipimo, na vipimo vizuri havihitaji fedha nyingi.

Miaka 15 tu baada ya nyumba ya Iona kukamilika, Kanisa la Uskoti lilipasuka. Mwezi Mei 1843 wachungaji zaidi ya 450 walijitoa wakipinga wenye ardhi kuzichagulia sharika wachungaji zisiowataka, na kwa kujitoa huko walipoteza mshahara na nyumba kwa pamoja. Familia nyingi zilihamia vyumba vya kupanga, hata vibanda. Anayeitazama nyumba ya mchungaji kama jengo tu anakosa jambo hili: ilikuwa makazi ya mtu ambaye msimamo wake ungeweza kumtoa nje.

Sheria ya mwaka 1925 ilianza kuwaondolea wamiliki wa ardhi wajibu huo wa kuwajengea wachungaji nyumba na kuhamishia mali kwa wadhamini wa Kanisa. Baadaye parokia ziliunganishwa na nyumba nyingi zikauzwa kwa watu binafsi. Hatuwalaumu wanunuzi, lakini ukarabati wa saruji unatusikitisha. Kuta za mawe zilizojengwa kwa chokaa hupumua. Zikipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani na mawe huanza kumomonyoka. Wanachama waliokulia Lamu na Unguja hawahitaji kuelezwa zaidi, kwani wameyaona hayo katika nyumba za matumbawe. Iona imepata bahati ya matumizi mapya yanayomruhusu kila mgeni kuingia, na kwa maoni yangu hiyo ni hatima bora kuliko kufungiwa nyuma ya lango la mtu mmoja.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tuendelee na nyumba nyingine za Telford, tukianzia Ullapool, na kwamba maelezo yote yaandikwe kwa Kiswahili ili watoto wetu waliozaliwa huku wayasome kwa lugha ya nyumbani. Mweka hazina atawasilisha hesabu za safari na uchapishaji mara baada ya taarifa hii, na pendekezo litapigiwa kura leo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti