Kambi ya kaiti Paje: ulizeni bamvua kwanza

Mhariri,

Kusi, upepo wa kutoka kusini, ndiyo hii imeingia, na vijana wa Dar wanaokuja Paje kujifunza kaiti, mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, wananiuliza mimi, mlima mwani, waende kambi gani. Wanauliza bei, wanauliza muziki wa usiku. Muziki uko kila kona, hauna haja ya kuchaguliwa.

Mimi nawaambia: muulize mwalimu bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida, ni lini. Akibabaika, ondoka. Huku kwetu bamvua likikupwa bahari inakimbilia mwambani, na palipokuwa na maji ya kiunoni panabaki mchanga, vijiti vyetu na kamba za mwani. Mwanafunzi asiyejua kugeuza kaiti huburutwa juu ya vijiti hivyo. Kamba zinakatika, na ngozi pia.

Kambi ya maana hupanga masomo kwa kufuata maji, tena ina boti ya kumfuata aliyechukuliwa na upepo. Nimemwona mwalimu ana wanafunzi wanne, naye yuko kwenye simu!

Wenye kambi wabandike mlangoni saa za maji kupwa na kujaa. Na sheha, kiongozi wa shehia yetu, atukutanishe nao sisi kinamama kabla kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijaanza Desemba.

Mkulima wa mwani,
Paje, Unguja