Malalamiko kuhusu ruta mliyoniuzia kwa ofisi na nyumba yangu, Moshi

Mmiliki wa steshenari,
Majengo,
MOSHI.

Meneja wa Tawi,
Huduma kwa Wateja,
MOSHI.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA RUTA ISIYOFAA, KISHA BUSTA, KISHA KIFURUSHI KIKUBWA, NA TATIZO KUBAKI PALEPALE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya faiba. Nina steshenari kwenye fremu ya mbele ya nyumba yangu hapa Majengo, na nyuma ya fremu ndipo ninapoishi na wanangu. Kopi na kuchapa ni sehemu ndogo tu ya kazi yangu. Watu wananijia kuomba mikopo ya elimu ya juu, kujaza maombi ya ajira za serikali, kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA na kuwasilisha ritani TRA. Yote hayo yanapita mtandaoni. Ndiyo maana nilipokuja kwenu kufungua akaunti nilieleza hali yangu yote pale dawatini: kompyuta tatu na printa, simu za wateja wanaokaa kusubiri, na nyumba ya nyuma yenye vyumba vinne. Nilisema pia kwamba kuta zangu ni za tofali za saruji, na zimelazwa, hazikusimamishwa, kwa hiyo ukuta ni mnene.

Kijana wenu wa mauzo aliniuliza swali moja: "Mama, bajeti yako ikoje?" Nilipomtajia, akanionyesha boksi lenye picha ya ruta ya antena nne, akaniambia hii inapenya ukuta wowote, antena zikiwa nyingi netiweki inafika mbali. Nikalipa, nikapewa risiti ya EFD. Fundi wenu akaja, akaiweka ruta juu ya kabati la chuma kwenye kona ya fremu, kwa sababu waya wa faiba aliokuja nao uliishia pale. Kabati la chuma, kwenye kona, ukuta wa nje upande mmoja. Nusu ya mawimbi yanaenda barabarani, na nusu nyingine yanaanza safari yake kwa kugonga bati.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na laini yenu. Nilimwita fundi wa kompyuta wa hapa mtaani, akachomeka laptopu kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta, na spidi ikasoma karibu yote ninayoilipia. Akachomoa kebo, akabaki amekaa palepale mezani, akapima kwa Wi-Fi: ikashuka chini ya nusu. Tukaenda chumba cha pili nyuma, kurasa zikawa zinafunguka kwa kusuasua. Chumba cha mwisho simu ilionyesha alama ya Wi-Fi na hakuna kilichofunguka. Intaneti yenu inafika mlangoni kwangu ikiwa nzima, halafu inafia kwenye kifaa mlichonichagulia ninyi wenyewe.

Sasa nizungumzie hizo antena, kwa sababu ndizo mnazowauzia watu. Kwenye boksi imeandikwa "300 Mbps" kwa herufi kubwa. Kwa herufi ndogo chini imeandikwa kwamba ni ya kiwango cha 802.11n, ambacho kilipitishwa mwaka 2009, na kwamba inatumia masafa ya GHz 2.4 peke yake. Hiyo 300 ni hesabu ya karatasini. Inapatikana pale ruta inapotumia chaneli pana, bila jirani mwenye Wi-Fi, na simu ikiwa karibu nayo. Hata hapo, data inayopita kweli ni pungufu sana ya namba hiyo. Antena nne hazibadilishi hesabu, kwa sababu ruta yenyewe inarusha mikondo miwili tu ya data, na nguvu ya kurusha ina kikomo kilichowekwa na mamlaka za mawasiliano. Antena ya tatu na ya nne haziongezi nguvu hiyo.

Na majirani ninao. Kushoto kwangu kuna saluni, kulia wakala wa pesa na duka la dawa, ng'ambo ya barabara mgahawa, na kila mmoja ana Wi-Fi yake. Katika GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Fundi alinifungulia programu kwenye simu yake inayoonyesha nani yuko chaneli gani, nikaona mistari imelaliana kama mkeka, mingi ikiwa kwenye chaneli ya 6, na ruta yangu ikiwa humo humo. Ruta zikitumia chaneli moja inabidi zisubiriane, moja ikirusha nyingine zinyamaze. Asubuhi mapema kabla fremu za jirani hazijafunguliwa, mambo yangu yanakwenda vizuri. Ikifika saa nne, wateja wamejaa na kila fremu imewasha, ndipo kazi inaposimama.

Ruta ya bendi mbili, yaani yenye GHz 2.4 na GHz 5, ingeondoa shida hiyo kwa sehemu kubwa. GHz 5 ina chaneli nyingi zaidi na spidi kubwa. Mawimbi yake hayapenyi vizuri kwenye ukuta mnene, na kwa ofisi ya chumba kimoja kama yangu hilo ni faida, maana ya jirani hayanifikii kirahisi na yangu hayamfikii. Kompyuta zangu tatu zingekaa GHz 5, GHz 2.4 ikabaki kwa simu. Ruta za Wi-Fi 5, kiwango kilichofuata hicho cha 802.11n, zimekuwa sokoni tangu 2013, na za Wi-Fi 6 zilianza kuthibitishwa 2019. Siku ile zilikuwepo kwenye kabati lenu la vioo, rafu ya juu yake. Nilitaja idadi ya kompyuta, nikataja wateja, nikataja kuta. Mtu aliyefundishwa kazi hii angenyoosha mkono rafu ya juu na kuniambia kwa nini, kisha mimi mwenyewe niamue kama nina uwezo nayo.

Nilipolalamika mara ya kwanza, mliniuzia busta. Mkaniambia niichomeke chumba cha nyuma. Hiyo busta inapokea mawimbi kutoka kwenye ruta na kuyarusha tena kwa redio ileile, chaneli ileile. Haiwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja, kwa hiyo spidi inagawanyika karibu nusu. Tena mliniambia niiweke kule ambako Wi-Fi haifiki, sasa itakuza nini? Alama kwenye simu za wanangu zikajaa, na wao wakaamini kwamba wana intaneti. Walichokuwa nacho ni mawasiliano mazuri na busta, ambayo yenyewe haikuwa na cha kuwapa.

Nilipolalamika tena, mkanishauri nipande kifurushi, kutoka Mbps 20 kwenda 50. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Ni kumwambia mtu ambaye bomba la jikoni limeziba anunue tangi kubwa zaidi. Nimelipa kifurushi kikubwa kila mwezi tangu hapo, na kwa Wi-Fi sikuona tofauti yoyote, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye laini. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia, "Mama, kabla hujapanda, chomeka kebo upime." Kipimo hicho hakigharimu kitu. Dakika chache tu zingeonyesha kwamba Mbps 20 zilikuwa zinafika zote na kwamba cha kubadilisha ni ruta.

Naomba mwelewe hasara yake kwa kazi kama yangu. Mwombaji wa mkopo anajaza fomu, anaichapa, anaenda kusainiwa serikali ya mtaa na kwa wakili, kisha anarudi kwangu tuzipige skani kurasa zile na kuzipandisha kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Msimu uliopita kijana mmoja alishuka kutoka Kibosho na kurasa zake zimekamilika, mihuri yote ipo. Faili lilifika katikati, likakata. Tukaanza upya, likakata tena, na mfumo ukatutoa nje. Ameshika bahasha yake, ananiambia, "Mama, nauli niliyobakiza ni ya kurudia." Nilitoa simu yangu, nikanunua bando, nikamalizia kazi yake kwa bando hilo. Nilifanya hivyo kwa wengi msimu ule. Yaani nalipia faiba kwenu, na kazi ya wateja naifanya kwa bando la simu.

Kuna jambo la usalama pia, na hili ni zito. Fundi wenu aliacha neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta likiwa lile la kiwandani, "admin", ambalo mtu yeyote anaweza kulibahatisha. Aliacha WPS imewashwa, ile njia ya mkato ya kuunganisha vifaa kwenye Wi-Fi kwa namba fupi, wakati udhaifu wa namba hiyo unajulikana tangu 2011. Na ruta hii haina mtandao wa wageni. Maana yake mteja anayesubiri zamu akiniomba Wi-Fi, simu yake inaingia kwenye mtandao uleule wa kompyuta zenye vyeti, namba za NIDA na fomu za mikopo za watoto wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanitaka nizilinde taarifa hizo. Mipangilio nimeshabadilishiwa na fundi wa mtaani kwa gharama yangu, lakini mtandao wa wageni hauwezi kuongezwa kwenye kifaa ambacho hakina. Kwa sasa nawanyima wateja Wi-Fi, nao wanahamia kwa jirani.

Umeme nautaja kwa ufupi. Ukikatika, boksi la faiba linaendelea kwa betri yangu ndogo ya volti 12, ruta inazima kwa sababu ni ya volti 9. Swali moja la muuzaji lingetosha hapo pia.

Nilipoleta ruta dukani, nilionyeshwa kibao ukutani: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kwa heshima, kibao hakifuti sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema wazi kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia kufanya na kifaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji ambaye hiyo ndiyo biashara yake, basi kifaa kinatakiwa kuifaa kazi hiyo. Mimi nilieleza. Na nilitegemea ujuzi wenu, ndiyo maana nilikuja ofisini kwenu na sikununua kwa machinga.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mchukue ruta hii na mnipe ya bendi mbili yenye mtandao wa wageni, ya Wi-Fi 5 kwa uchache, na bei ya hii ihesabiwe kwenye hiyo mpya; kama kuna nyongeza ya haki nitailipa. Matundu yake ya kebo yawe ya gigabiti, yaani Mbps 1,000, maana haya ya sasa yanaishia Mbps 100 na biashara yangu inakua. Fedha ya busta nirudishiwe yote. Nirudishwe kifurushi cha Mbps 20, ambacho kwa kazi zangu kinatosha kabisa kikifika kwenye kompyuta, na tofauti niliyolipa kwa miezi yote ya Mbps 50 iingizwe kwenye akaunti yangu. Fundi aje na waya wa kutosha, ahamishe ruta kutoka juu ya kabati aiweke juu ukutani karibu na mlango unaounganisha fremu na nyumba, kisha apitishe kebo hadi korido ya nyuma kwa ajili ya kifaa cha pili cha kurushia Wi-Fi. Kifaa hicho nitakinunua mwenyewe. Kwa kuta za kulaza, kebo ndiyo njia ya uhakika, na mafundi wenu wanalijua hilo.

Naomba pia, kwa ajili ya wateja wengine, muwape vijana wenu wa mauzo maswali ya kuuliza kabla ya kushusha boksi kwenye rafu: nyumba ina vyumba vingapi na kuta za nini, vifaa vingapi vitaungwa kwa wakati mmoja, kifurushi ni cha Mbps ngapi, wageni watatumia, umeme wa akiba upo. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu na alinisikiliza vizuri. Hakuwa amefundishwa afanye nini na nilichomwambia, na hilo ni jukumu lenu ninyi viongozi wake.

Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Bila jibu, nitalipeleka suala la huduma TCRA kupitia ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini, Arusha, na suala la mauzo Tume ya Ushindani. Maboksi ya ruta na busta yapo, na nimeambatanisha nakala za risiti zote za EFD pamoja na picha za vipimo vya spidi, vya kebo na vya Wi-Fi. Fundi wenu anaweza kuja siku yoyote ya kazi kabla ya saa nne asubuhi, au Jumamosi mchana. Jumatatu asije, siku hiyo nina foleni.

Wako katika biashara,

Mteja wa faiba, Majengo
(Jina, namba ya akaunti na simu vipo kwenye risiti zilizoambatanishwa)

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC)