Alama za maabara zisilale kwenye daftari

Ndugu Mhariri,

Wanafunzi wa sayansi vyuoni hapa Mbeya huambiwa matokeo "hayajakamilika" hata kama mtihani waliufanya. Kozi ikiwa na alama 40 za semesta na 60 za mtihani, ripoti za maabara zimo ndani ya zile 40, na ndizo hubaki kwenye daftari la fundi sanifu mpaka bodi ya mitihani inakaa. Pengo moja tu, na mkopo wa mwaka unaofuata unakwama, maana Bodi ya Mikopo husubiri matokeo kutoka chuoni.

Alama ziingizwe kwenye mfumo kila baada ya jaribio. Wiki mbili kabla ya mtihani orodha ibandikwe kwa namba za usajili (majina ya nini?), na mwenye lalamiko aandike, aambatanishe ripoti iliyosahihishwa.

Mdau wa elimu,
Mbeya