Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha za Retina katika Magonjwa ya Kurithi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha na orodha ya wanachama zimo katika taarifa za mhazini na katibu, kwa hiyo mimi nitaeleza kazi ya kitaalamu tuliyoishughulikia zaidi mwaka huu: namna ya kupiga na kusoma picha za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, za wagonjwa wenye magonjwa ya kurithi, bila sindano wala rangi ya mshipani.

Jambo lililojitokeza waziwazi ni kwamba ripoti nyingi bado zinategemea namba ya unene wa makula (sehemu ya katikati ya retina) pekee. Namba hiyo hudanganya. Katika retinitisi pigmentosa seli za kupokea mwanga hufa na retina hukonda, lakini vifuko vya maji vikijitokeza katikati, unene hupanda tena na mgonjwa huonekana wa kawaida kwenye karatasi. Zaidi ya hapo, mashine huchora mipaka ya matabaka yenyewe, na tabaka la nje likishatoweka huichora mahali pasipo pake. Pitia mikato yote ya OCT (picha za matabaka ya retina zinazopigwa kwa mwanga) kwa macho yako, mmoja baada ya mwingine, kisha pima urefu wa mstari wa elipsoidi uliobaki, yaani mstari unaoonyesha seli za kupokea mwanga zilizo hai. Vifuko vya maji navyo visipitwe kamwe, kwa sababu ni miongoni mwa mambo machache tunayoweza kuyatibu leo, kwa matone ya dozolamaidi au vidonge vya asetazolamaidi. Kwa mtoto wa kiume, kabla ya kuandika kwamba ni uvimbe, fikiria kwanza kupasuka kwa matabaka ya retina kunakotokana na jeni ya RS1.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Tanua mboni, anza na OCT kwa kuwa mwanga wake wa infraredi haumsumbui mgonjwa, kisha piga picha ya mng'ao wa asili wa retina (mwanga ambao retina yenyewe hutoa inapomulikwa) kwa mwanga wa bluu wa nanomita 488. Kama daktari ameagiza pia angiografia ya fluoresini (picha za mishipa ya retina baada ya kudungwa rangi), picha ya mng'ao itangulie, maana rangi ikishaingia mwilini picha hiyo imeharibika. Mgonjwa wa Stargardt, ugonjwa wa kurithi unaoharibu makula, asimulikwe bluu kali kwa muda mrefu. Punguza nguvu, au tumia infraredi ya nanomita 787 kama mashine inayo.

Kusoma mng'ao kunahitaji uangalifu. Katika Stargardt, madoa yenye lipofusini (mabaki ya taka ndani ya seli) hung'aa kwanza, kisha huwa meusi seli zinapokufa, na eneo linalozunguka mzizi wa neva ya jicho mara nyingi husalimika. Katika retinitisi pigmentosa tafuta pete inayong'aa: ukingo wake wa ndani hukaribiana na pale mstari wa elipsoidi unapokatikia, na pete hiyo hubana kadiri miaka inavyokwenda. Uteute wa ugonjwa wa Best, ugonjwa mwingine wa kurithi wa makula, hung'aa sana. Kwenye OCT peke yake unaweza kudhaniwa ni maji yanayovuja kutoka mishipa mipya ya damu, na mgonjwa akachomwa sindano za jicho asizozihitaji. Shaka ikibaki, angiografia ya OCT, inayoonyesha mishipa bila rangi, itaonyesha kama kuna damu inayopita.

Giza kwenye picha ya mng'ao si lazima liwe kifo cha seli. Mtoto wa jicho, ambao ni wa kawaida kwa wagonjwa hawa, huzuia mwanga wa bluu, na jicho kavu hufifisha kila kitu. Weka machozi ya dawa, mwambie mgonjwa apepese, rudia. Kwa jicho linalochezacheza, mikato michache iliyo safi ina faida kuliko mikato mingi iliyovurugika.

Haya yanazidi kuwa na uzito tangu Marekani ilipoidhinisha tiba ya jeni kwa wenye hitilafu katika jeni ya RPE65 mwezi Desemba 2017: tiba hiyo inahitaji retina iliyo na seli hai, na OCT ni sehemu ya ushahidi kwamba seli hizo zipo.

Wajumbe wataombwa kupitisha fomu moja ya ripoti, yenye nafasi ya ubora wa picha, urefu wa mstari wa elipsoidi, vifuko vya maji, mng'ao na mchoro wa ukoo. Wataombwa pia kukubali kwamba faili ghafi za mashine zihifadhiwe na mgonjwa apigwe picha kwa mfumo wa ufuatiliaji, mahali palepale kila ziara. Picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp isihesabiwe kuwa kumbukumbu.