Msiwachanie watoto michoro yao ya kutisha

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi aliyelalamika katika safu hii kwamba siku hizi walimu wanawafundisha watoto "kuchora mashetani". Mimi ni mmoja wa walimu hao. Nafundisha Darasa la Tano hapa Mtwara mjini, na ninachokifanya nakieleza hadharani.

Kwanza, huku kusini mambo hayo si mageni. Wamakonde wamekuwa wakichonga vinyago vya shetani kwa ajili ya soko tangu miaka ya 1950, na marehemu msanii George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alipata jina Ulaya na Marekani kwa viumbe wake wenye masikio mapana na matumbo ya mviringo. Kule Paris nako, miaka ya 1920, washairi na wachoraji wa usurealisti, yaani sanaa inayofuata mambo ya ndotoni, walikuwa na mchezo wa kukunja karatasi: mmoja anachora kichwa na kukificha, wa pili anachora kiwiliwili, wa tatu miguu, halafu wanaikunjua waone kilichozaliwa. Nasi tunaucheza, kwa mkaa na karatasi za ndani za mifuko ya saruji ninazozikung'uta nyumbani kabla hazijafika darasani.

Tukija kwenye ushairi, siwaanzishi watoto na vina na mizani. Naanza na vitendawili, maana mtoto aliyekua akisikia "kuku wangu katagia mibani" haoni ajabu nanasi kuitwa kuku. Namwambia kila mmoja achukue kitu anachokiogopa akitegee kitendawili. Binti mmoja, mpole mno, alisimama akatega: "Hana miguu lakini hupanda kitanda, akishafika hunikalia kifuani." Wenzake wakataja paka, wakataja joto, wakataja shuka. Wakashindwa, wakampa mji. Walimpa Dodoma akaikataa, akataka Lindi kwa sababu bibi yake yuko huko. Alipopewa Lindi ndipo akatoa jibu: jinamizi. Darasa zima likaanza kusimulia majinamizi yao, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapanga zamu ya kusema.

Mwingine anaogopa upepo. Alikuwa mdogo sana Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipotukaribia kabla ya kupiga Msumbiji, na watu wa hapa wakaambiwa wakimbilie sehemu salama. Alichora bibi kizee aliyejifunga mabati badala ya kanga, chini akaandika:

Upepo una meno ya bati,
unatafuna mnazi wa babu,
unauliza mama yuko wapi,
nami nimejificha ndani ya sufuria.

Nilimwomba afute mstari mmoja tu uliokuwa umejirudia. Mingine niliiacha kama ilivyo. Sijaona mtoto wa umri huo akiandika "meno ya bati" kwa kuambiwa atunge shairi kuhusu faida za miti.

Naelewa hofu ya mzazi yule, maana wapo watoto ambao michoro yao haihusu majini wala upepo. Mtoto akichora mlango wenye buti na mkanda, na akauchora tena wiki inayofuata, mchoro huo siubandiki ukutani wala simhoji mbele ya wenzake. Nakaa naye pembeni, nampeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na ikibidi tunakwenda ustawi wa jamii. Ipo pia namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure, na watoto wangu wote wanaijua kwa kichwa. Mimi si daktari na sijidai kutibu. Lakini karatasi ile ikichanwa nyumbani au mtoto akichapwa kwa "kuchora uchawi", kama nilivyosikia ikitokea, hatachora tena, na sisi watu wazima hatutajua kinachomsibu.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: mtoto akileta nyumbani kiumbe chenye vichwa vitatu, muulizeni jina lake, kinakula nini, kinalala wapi. Wakuu wa shule nao wasikichukue kipindi cha sanaa kwa ajili ya Hisabati kila mtihani unapokaribia. Nawe Mhariri, gazeti lako lina ukurasa wa watoto ambao kila wiki huchapa ua, bendera na nyumba yenye bomba la moshi. Tutengee robo ya ukurasa huo. Michoro ninayo, na wazazi wa watoto hao wameshakubali itumwe.

Mwalimu wa Darasa la Tano,
Mtwara